Timu ya chuo ya mwanangu inaongoza halafu inakufa kipindi cha tatu, hivi mentaliti inafundishwaje?

BabaImani207

Wakuu salama? Leo siyo Simba na Yanga, mnivumilie.

Niko Maine huku Marekani mwaka wa 17 sasa, kijana wangu wa pili ana miaka 21 anacheza hoki ya barafu kwenye chuo kimoja kidogo tu cha New England, jina naliacha. Ni divisheni three, na kabla hamjaanza kucheka hiyo siyo divisheni three ya NECTA, ni lile daraja la vyuo ambavyo haviruhusiwi kutoa skola za michezo kwa hiyo ada ni mimi na mama yake na mkopo. Alianza kuteleza na miaka 6 kwa sababu jirani alikuwa na viatu vya barafu vilivyombana mtoto wake akatupa sisi, tukasema wiki mbili atachoka, hakuchoka, mpaka leo gari langu linanuka glavu.

Sasa shida yenyewe. Timu msimu huu inatia huruma. Gemu 14, wameshinda 3, sare 1, kumi zote vichapo. Na siyo kwamba wanazidiwa mwanzo mwisho, hapana, mimi naandika kwenye daftari, katika hizo kumi sita walikuwa wanaongoza au wako sare wakati wanaingia kipindi cha tatu, yaani cha mwisho. Yaani wanarudi kutoka vyumbani kama watu wengine kabisa. Goli moja likiingia la pili linakuja ndani ya dakika mbili, utadhani wamepigiwa simu ya msiba. Kuna Ijumaa waliongoza 3-1 wakalala 5-3, la tano goli likiwa tupu maana kipa wetu alishatolewa ili waongeze fowadi.

Kocha akatukuta wazazi koridoni akasema vijana hawana mentaliti, legelege. Jumatatu yake akawakimbiza kwenye barafu bila puki (kile kidude cha duara kinachochezwa badala ya mpira), kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka wawili wakatapika. Ijumaa iliyofuata wakapigwa 6-1.

Kijana ni beki, anapata kama dakika 6 kati ya 60. Zamani kwenye gari alikuwa ananisimulia gemu nzima mpaka tukifika nyumbani mama yake kashazima taa kalala na sisi bado tuko nje tunaongea. Siku hizi ni "freshi tu baba" halafu anaweka vile vitu vya masikioni.

Nauliza kwa wanaojua, hii roho ngumu inafundishwa au mtu anazaliwa nayo? Na mchezaji anakuaje akicheza dakika 6? Mke wangu anasema ahame chuo, mimi sijui.

---

mtoto_wa_mbagala

Mkuu barafu ninayoijua mimi ni ya ubuyu ya mia. Ngoja nikae hapa nijifunze 😂

---

Mama Tunu

Shikamoo Baba Imani. Nitaandika ndefu, nasubiri nguo zikauke.

Nilifika Amherst, Massachusetts mwaka 2016 kusoma masters nikapata kibarua cha kuuza popkoni Mullins Center, ndo uwanja wa chuo cha UMass. Hoki sikuijua hata chembe, nilichojua ni kwamba siku ya hoki popkoni haziendi. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa kocha Greg Carvel pale. Msimu ule wa 2016-17 walicheza gemu 36 wakashinda 5. Tano! Walifungwa 29, sare 2. Kwa hiyo timu yenu bado haijafika chini, pole kwa kusema hivyo.

Miaka miwili baadaye, 2019, chuo hichohicho kiko fainali ya taifa. Wakafungwa 3-0 na Minnesota Duluth. Halafu 2021 wakakutana tena na Duluth walewale nusu fainali, na kipa wa UMass Filip Lindberg pamoja na mfungaji wao kinara hawakuruhusiwa kucheza sababu ya masharti ya korona. Akaingia kipa wa akiba, Matt Murray. Wakashinda 3-2 muda wa nyongeza. Fainali Lindberg akarudi golini, 5-0 dhidi ya St. Cloud State, ubingwa wa kwanza wa taifa kwa hoki ya chuo kile.

Watu wakisimulia hiyo habari wanamtaja beki wao Cale Makar, na ni haki yake, Colorado, timu ya NHL ile ligi kubwa ya Marekani na Canada, walishamchagua namba 4 mwaka 2017 kabla hajaanza chuo. Ila angalia hapa: mwaka wake wa kwanza chuoni alipata pointi 21 (magoli na pasi za magoli) kwa gemu 34, mwaka wa pili pointi 49 kwa gemu 41. Angeweza kuondoka baada ya mwaka mmoja akachukue hela, akabaki, na siku chache tu baada ya fainali ya 2019 akaenda Colorado moja kwa moja kwenye mtoano akafunga kwenye gemu yake ya kwanza. Huko ndo kukua, na kulitokea katikati ya wiki siyo Ijumaa. Vyuo vinacheza gemu chache sana ukilinganisha na ligi za vijana za Canada ambako mtoto anacheza sitini na kitu kwa msimu, divisheni one ni kama 34 tu za kawaida na nyingi ni Ijumaa na Jumamosi, nyie divisheni three hata hazifiki hapo. Hizo siku nyingine zote ni za mazoezi na jimu. Swali langu kwako siyo dakika 6 za Ijumaa, ni kwamba Jumatatu mpaka Alhamisi mwanao anafundishwa nini? Maana kutapika siyo somo.

Na mimi kwenye hiyo hadithi nampenda Murray kuliko Makar. Mtu wa benchi kaamka asubuhi kaambiwa leo ni wewe, na alikuwa tayari.

Halafu msaidizi wa Carvel miaka yote hiyo mitano alikuwa Ben Barr, na wewe mtu wa Maine utakuwa unamjua.

---

BabaImani207

Marahaba Mama Tunu. Namjua sana! Alipewa timu ya chuo cha Maine 2021 baada ya kocha Red Gendron kufariki ghafla, msimu wake wa kwanza alishinda 7 kati ya 33, nilimpeleka kijana Alfond Arena kule Orono tukarudi tumenuna. Baadaye 15, halafu 23, na mwaka jana 2025 wakachukua kombe la Hockey East, ligi yao ya vyuo, ambalo hawakuligusa tangu 2004.

Wazee ninaofanya nao kazi hawaachi kusimulia Maine ya 1993, ile iliyopoteza gemu moja tu msimu mzima. Fainali waliingia kipindi cha tatu wako nyuma 4-2 na Lake Superior State, Jim Montgomery wa Maine akafunga matatu kipindi kile kimoja na yote matatu pasi za Paul Kariya aliyekuwa mwaka wa kwanza. 5-4. Sasa mimi nikiisikia hiyo naumia, maana ni sisi tukiwa tumepinduliwa kichwa chini miguu juu.

---

fimbo_citypark

Naomba kutofautiana na wakubwa kidogo. Nimecheza hoki ya kawaida City Park Nairobi miaka minane na hii ya barafu kiasi pale Panari, barabara ya Mombasa, kiuwanja kidogo ukipiga hatua tano umegonga ukuta, kwa hivyo naongea kama mtu anayejua nusu. (Kenya tuliingia shirikisho la dunia la hoki ya barafu 2024 tu, kwa uwanja huo huo mmoja, wacheni tujisifu.)

Baba Imani hiyo Maine ya 93 ilikuwa imejaa watu wa kwenda NHL, usiwapime vijana wako nayo, utawaonea bure. Na kocha akisema mentaliti mimi husikia hajui kilichotokea.

Kipindi cha tatu huanguka miguu kwanza ndio kichwa kifuate. Mchezaji wa barafu anaingia kwa shifti ya sekunde 40, 45 hivi, mbio kamili, anatoka. Akizidisha mpaka dakika nzima miguu inajaa sementi, na mtu mwenye miguu ya sementi haamui vizuri hata akiwa na roho ya simba. Sasa kocha mwenye hofu akiona anaongoza 3-1 anafanyaje? Anafunga benchi. Laini, yaani vikundi vya wachezaji wanaoingia na kutoka pamoja, ni mbili tu ndizo zinacheza, zile zingine zinakaa kupoa. Na kumbuka kipindi cha pili timu zinabadilisha upande, benchi lako linakuwa mbali na goli unalolinda, beki akichoka hawezi kutoka haraka, kwa hivyo hao hao wa laini mbili wanafika kipindi cha tatu tayari wamekopa.

Fanya hivi mzee. Vyuo vingi vinarusha gemu mtandaoni na video inabaki. Tafuta ile ya 3-1, chukua simu uweke saa, chagua mtu mmoja wa laini ya kwanza, andika kila akiingia na akitoka. Usiangalie puki kabisa. Rudi utuambie.

---

Papa Nyota

Papa Imani jambo. Miye niko hapa Portland, pengine tunaonanaka kanisani bila kujuana. Mutoto wangu eko na miaka 12 anataka kuanza hii muchezo. Ile viatu ni bei gani? Maana banasema fimbo moja tu inaweza kulipa loyer (kodi ya nyumba) ya mwezi.

---

BabaImani207

Papa Nyota karibu, usinunue vipya, njoo inbox, nina boksi zima gereji.

Fimbo. Kaka. Nimekaa Jumamosi mpaka saa nane usiku, mke wangu kadhani nimeanza kamari.

Nilichagua fowadi mmoja wa laini ya kwanza. Kipindi cha kwanza: sekunde 43, 47, 41, 50. Safi. Kipindi cha tatu baada ya 3-1: 62, 71, 88, halafu 94. Ile ya 94 ndo goli la kusawazisha. Nimeirudia mara nyingi sana. Puki iko kona yetu, kijana kainama fimbo kaiweka magotini, anageuza shingo kuangalia benchi, pale benchini hakuna hata mmoja aliyesimama. Anarudi kukimbia lakini ni kama anatembea kwenye matope, yule aliyekuwa anamlinda anampita kwa nje taratibu kabisa, hata hakukimbia, akafunga. Na kwenye daftari langu pale mimi niliandika "wamekata tamaa."

Cha pili. Mwanangu alikaa dakika 11 mfululizo kipindi kile bila kuingia. Akaingizwa mambo yakiwa tayari 4-3, pasi yake ya kwanza ikateleza chini ya fimbo ikaenda kwa adui. Mimi pale jukwaani nilimlaumu kimoyomoyo, sitadanganya.

---

Kipa Mstaafu

Fimbo kapatia ila kuna nusu kaiacha, na ndo nusu yangu. Nimekaa golini miaka mingi, siyo ligi kubwa, mabegi makubwa tu.

Angalia tena hiyo video mkuu, safari hii angalia vijana wakiwa na puki baada ya kuongoza. Nakuhakikishia wanaitupa. Mtu ana nafasi ya kupasia mwenzake mita tatu, anaigonga ukutani iende popote. Hiyo ndo mentaliti ya kweli, kucheza ili usilaumiwe. Na inatoka wapi? Jumatatu ile ya kutapika. Kijana aliyekimbizwa kwa sababu ya kosa anajifunza kitu kimoja tu, kosa lisiwe langu. Anaisukuma puki mbali na yeye haraka iwezekanavyo.

Na hapa ndo miguu ya fimbo na kichwa changu vinakutana. Ukiipiga puki kutoka nusu yenu mpaka mwisho kabisa wa upande wa pili bila mtu kuigusa ni aising, inarudishwa kwenu na nyie mliomo uwanjani hamruhusiwi kubadilishwa. Umeona? Kaogopa, kaitupa, sasa mliochoka mnabaki palepale, puki inaangushwa mbele ya kipa wenu. Hesabu aising ngapi kipindi kile.

Kuhusu kufundishwa, inafundishwa ndiyo, ila siyo kwa hotuba. Sisi makipa tunapewa kitu cha kufanya. Kuna kipa Braden Holtby aliyechukua kombe la NHL na Washington 2018, huyo alikuwa anapuliza maji ya chupa hewani halafu anafuata tone moja kwa macho mpaka linaanguka. Watu wakamcheka. Ilikuwa ni kumrudisha macho na kichwa palepale alipo, goli lililoingia limeshaingia. Mimi nilikuwa nagusa mwamba wa kushoto, wa kulia, pumzi ndefu, nasema neno moja la kikwetu ambalo siwezi kuandika hapa 😅. Baada ya goli timu nzima iwe na kitu kama hicho, sekunde kumi tu, kapteni anamwendea kipa anamgonga pedi za miguuni, wengine wanajua laini gani inafuata. Ile dakika mbili unayoisema ambayo goli la pili huingia, ndo dakika ambayo hakuna aliyepewa kazi.

Na mwanao wa dakika 11 benchini, mwili umepoa na kichwa kimelala. Mwambie achague mpinzani mmoja amsome, kila shifti anampasia nani, anageukia wapi. Asimame, atikise miguu, apige kelele za kuwasaidia wenzake kujua nani yuko nyuma yao. Akiitwa anakuwa tayari yumo ndani ya gemu.

---

fimbo_citypark

Hiyo ya aising sikuifikiria. Nakubali, nusu kwa nusu. Lakini bado nasema kocha afungue benchi kwanza.

---

Mama Tunu

Mimi narudi kwa suala la kuhama. Mwambie shemeji asubiri kidogo. Tangu Agosti 2025 wachezaji wa zile ligi kubwa za vijana za Canada wanaruhusiwa kuingia divisheni one, zamani walikuwa wanapigwa marufuku kabisa. Kwa hiyo nafasi za juu zinachukuliwa na hao, waliokuwepo wanashuka, na kule kwenu chini msongamano unaongezeka. Foleni ndefu. Na mtu mwenye dakika 6 ataonyesha video gani?

Ila baba, usiende wewe kwa kocha. Tafadhali. Hata kama una daftari lenye sekunde zote. Aende kijana mwenyewe, Jumanne siyo baada ya gemu, na asiulize kwa nini sichezi. Aulize nirekebishe kitu gani kimoja ili uniamini kwa dakika 10. Kocha akishindwa kujibu hilo, hapo ndo tuanze kuzungumzia kuhama.

---

mtoto_wa_mbagala

Nimeanza kuijua hoki aisee. Hivi beki ya Yanga nayo haina aising kweli?

---

BabaImani207

Mrejesho wakuu, imepita wiki mbili, samahani, kazi.

Kipa Mstaafu nilihesabu, aising 7 kipindi kimoja. Saba.

Kijana alienda kwa kocha Jumanne kama Mama Tunu alivyosema. Kanieleza kwa kifupi tu, kocha alikaa kimya kwanza, halafu akamwambia tatizo ni akiwa anarudi kinyumenyume halafu anageuka kwenda mbele kwa upande wa kushoto, anapoteza hatua moja, washambuliaji wameshajua wanampitia hukohuko. Mimi nimemwangalia miaka 15 sijawahi kuona. Sasa anabaki na kocha msaidizi dakika 20 baada ya mazoezi, kushoto tu, kushoto tu. Anasema inachosha na inaboa.

Lile daftari sikulipeleka kwa kocha, nilimwachia kijana mezani kule bwenini kama nimelisahau. Sijui kalifanyia nini na sijauliza. Ila Ijumaa hii laini tatu zilicheza kipindi cha tatu, siyo mbili.

Tumefungwa. 4-3 muda wa nyongeza, nilijua mtauliza. Walitangulia 2-0 likaingia moja, na mimi nikashika kiti nikisubiri la pili. Nikamwona kapteni anateleza mpaka kwa kipa anamgonga pedi mara mbili, kipa anatikisa kichwa. La pili likaja ila dakika tisa baadaye. Mwanangu kacheza kama dakika 9 kwa saa yangu, kuna mara moja alipitiwa kushoto tena, na mara moja akageuka vizuri akamsukuma yule mtu ukutani puki ikabaki kwetu. Hakuitupa. Alimpa mwenzake hapo mita tatu.

Nilimchukua aje kula nyumbani maana ni mwendo wa saa moja. Nikategemea freshi tu baba. Hata hatujatoka maegesho kaanza, yule namba fulani unajua kila akitaka kupiga anainua kisigino, na kocha alisema hivi, na kipa alimjibu vile, mpaka nikapitiliza njia ya kutokea barabara kuu ikabidi twende mbele maili nane ndo tugeuze. Tumefika mama yake kazima taa, wali umepoa, tukaupasha.